Kifungo cha Nje: Kutoka Fadhila hadi Haki

Historia ya probesheni, yaani kifungo cha nje, nchini Marekani huanzia kwenye huruma. Mwaka 1841, John Augustus, fundi viatu wa Boston, alimwekea dhamana mlevi mmoja. Wiki chache baadaye akamrudisha mahakamani akiwa ameacha pombe, na hakimu akamtoza faini ya senti moja. Massachusetts ilitunga sheria ya probesheni mwaka 1878, na Serikali ya Shirikisho ikafuata mwaka 1925. Lakini huruma ilikuja na kasoro yake, kwani kinachotolewa kama hisani hunyang'anywa pia bila maelezo. Ndiyo maana ubora wa kifungo cha nje huonekana hasa siku mtu anapodaiwa kukiuka masharti.

Mwaka 1935, katika kesi ya Escoe dhidi ya Zerbst, Mahakama ya Juu ilisema kwamba probesheni ni fadhila, na kwamba haki ya kusikilizwa kabla ya kufutiwa hutoka kwenye sheria ya Bunge, haitoki kwenye Katiba. Madhara ya msimamo huo yalijitokeza mwaka 1959 katika jimbo la Washington. Kijana aliyekiri kuchukua gari la mtu bila ruhusa alipewa probesheni ya miaka miwili, kisha baada ya miezi michache akadaiwa kushiriki wizi wa kuvunja nyumba. Alifika mahakamani na baba yake wa kambo, bila wakili. Afisa wa probesheni alitoa maelezo yake, hakuna aliyemhoji afisa huyo, na kijana akahukumiwa miaka 10. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu iliamua kwamba alistahili wakili. Mwaka 1973, katika kesi ya Gagnon dhidi ya Scarpelli, ikaamua kwamba Katiba inataka mtuhumiwa asikilizwe kabla ya probesheni kufutwa.

Wapo wanaouliza: aliyekwisha kuhurumiwa anadai nini tena, na sharti lisilo na makali ni sharti gani? Hoja hiyo ina uzito, ila kumsikiliza mtu si kumsamehe. Kiwango cha ushahidi hapa ni cha chini kuliko katika kesi ya jinai, na hakimu akiridhika bado anaweza kumpeleka gerezani. Kinachozuiwa ni kumwadhibu mtu kwa asichokifanya au asichokiweza. Huko Georgia, mtu aitwaye Bearden, asiyejua kusoma, alitakiwa kama sharti la probesheni kulipa faini ya dola 500 na fidia ya dola 250. Alikopa kwa wazazi akalipa 200, kisha akaachishwa kazi; zilizobaki zikamshinda, akafungwa. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ilitaka hakimu aulize kwanza: amekataa kulipa, au hana? Mkaidi hakupunguziwa chochote. Fukara ndiye aliyepata nafasi ya kujieleza, na nafasi hiyo ina maana pale tu hakimu anapouliza kwa dhati.