Mwalo na Sheria: Historia ya Neno "Haramu" katika Uvuvi wa Ziwa Victoria



1.0 Utangulizi

Bahari za dunia zina mkataba wake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari ulitiwa saini mwaka 1982 na kuanza kutumika mwaka 1994. Ziwa Victoria halimo ndani ya mkataba huo, lakini maswali yake ni yale yale: samaki aogeleaye baina ya mataifa ni wa nani, na ni nani mwenye haki ya kumkataza mwingine asimvue? Ziwa hili lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, nalo limegawanywa baina ya Tanzania, Uganda na Kenya. Samaki aitwaye sangara hapa Mwanza huitwa mbuta Kisumu na mputa Jinja. Dagaa wetu ni omena kwa Wajaluo na mukene kwa Waganda. Samaki mmoja ana majina matatu na serikali tatu.

Hoja ninayoitetea ni kwamba historia ya kutawala uvuvi wa ziwa hili haiwezi kueleweka kwa kuhesabu samaki peke yake. Sharti tuyachunguze pia maneno ambayo kwayo dola imezungumza na mwalo. Neno lenyewe mwalo, yaani mahali vyombo vinapofika na samaki kupimwa, Kiswahili kimelipokea kutoka lugha za Kibantu za kandokando ya ziwa. Waganda husema omwalo. Neno nitakalolichunguza zaidi, hata hivyo, limetoka upande wa pili, upande wa mwenye amri. Neno hilo ni haramu.

2.0 Macho ya wavu

Wakerewe, Wajita, Wakara na Wazinza walivua kwa migono na ndoana kabla ya nyavu za kiwandani, ambazo ziliingia ziwani mwaka 1905 kupitia Ghuba ya Kavirondo. Miaka ishirini na ushei baadaye, ngege, aliyekuwa samaki mkuu wa biashara, alikwisha kupungua. Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham aliyafanyia maji haya uchunguzi, na katika ripoti yake ya mwaka 1929 alishauri kwamba macho ya wavu yasipungue inchi 5. Ushauri huo uligeuzwa kanuni mwaka 1933. Katika ripoti hiyo hiyo alionya kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine, bila utafiti wa kutosha, ni jambo la hatari kubwa.

Yaliyofuata yanafundisha. Katikati ya miaka ya 1950, nyavu za nailoni zilipokuwa zimeenea na usimamizi umelegea, Tanganyika na Uganda ziliiondoa kanuni ya inchi 5. Mvuvi wa Tanganyika ambaye wavu wake wa inchi 4 ulikuwa kosa mwaka 1950 hakuwa na kosa mwaka 1960, kwa wavu ule ule na katika maji yale yale. Ama onyo la pili halikusikilizwa kabisa: sangara alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960.

3.0 Furu: samaki asiyehesabiwa

Kwa mvuvi wa Mwanza, furu ni neno moja. Kwa wanabayolojia, nyuma ya neno hilo zilikuwapo spishi zaidi ya 500, nyingi zikiwa hazipatikani kwingineko duniani. Baadhi zilikula mwani, nyingine konokono, nyingine wadudu. Furu alikaushwa juani, akawa kitoweo cha watu wa kipato cha chini.

Katika miaka ya 1970 meli ndogo za kukokota nyavu zilivua furu katika Ghuba ya Mwanza, na kiwanda cha Nyegezi kiliwasaga kuwa chakula cha mifugo. Kazi hiyo ilikuwa halali, nayo iliitwa maendeleo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, waliofika Mwanza mwaka 1977, walikuwa bado wanaziainisha spishi hizo wakati sangara alipoongezeka ghafla katika miaka ya 1980. Inakadiriwa kuwa spishi zipatazo 200 zilitoweka, baadhi kabla hazijapewa jina la kisayansi. Sangara naye ana mafuta mengi, hakaushiki juani kama furu. Alihitaji moshi, na moshi ulihitaji kuni. Badiliko la majini likapanda hadi vilimani.

4.0 Nani haramu?

Katika Kiswahili, haramu si sawa na "kinyume cha sheria". Ni neno la dini na dhamiri, linalokabiliana na halali. Tunasema mali ya haramu, mtoto wa haramu. Kanuni hubadilishwa kwa tangazo la serikali, lakini haramu humaanisha kilichokatazwa daima. Isitoshe, neno hili limehama kisarufi: kutoka wavu haramu, likaenda kwa uvuvi haramu, likaishia kwa mvuvi haramu. Sifa ya chombo imekuwa sifa ya mtu.

Kokoro, wavu unaovutwa kwa mikono hadi ufukoni, limepigwa marufuku kwa sababu nzuri: hukomba samaki wachanga katika mazalia yao. Lakini wanaolivuta kwa kawaida ni vibarua, na tajiri mwenye wavu huwa hayupo. Mwaka 2018 Operesheni Sangara ilichoma nyavu na kutoza faini mialoni, na malalamiko yake yakafika hadi Bungeni.

Pana mfano wa kinyume. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Viwanda vya minofu vikayumba, na hasara ikamfikia hata mvuvi ambaye hakuwahi kushika sumu. Hapo dhamiri ya mwalo na amri ya dola zilikutana, kwani hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini sumu katika chakula ni haramu. Ndiyo maana vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vilivyoanzishwa mialoni kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, vilikuwa wazo la busara. Tatizo ni kwamba hata leo hujulikana zaidi kwa herufi za Kiingereza, BMU.

Aidha, sheria imepima wavu kuliko ilivyopima maji. Mbolea inayosombwa mashambani, majitaka ya miji, gugumaji la miaka ya 1990, ongezeko la joto, na mafuriko ya mwaka 2020 yaliyozamisha mialo, vyote vinaliathiri ziwa. Ni nadra kuvisikia vyanzo vya madhara hayo vikiitwa haramu.

5.0 Hitimisho

Mkataba uliotiwa saini Kisumu tarehe 30 Juni 1994 uliunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao Jinja, ili nchi tatu zizungumze kwa sauti moja. Sauti hiyo ilikuwa ya Kiingereza, kama ilivyokuwa Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha kwamba lugha ya sheria iwe Kiswahili. Kazi hiyo sasa ni yetu sisi wanafunzi wa lugha. Mfasiri atakayeandika "uvuvi usioruhusiwa" mahali pa "uvuvi haramu" atakuwa amemrudishia mvuvi nafasi ya kuuliza: umekatazwa na nani, kwa sababu gani, na hadi lini? Sheria isiyojibu maswali hayo itavunjwa usiku. Sheria inayoyajibu itapata walinzi mwaloni, nao watakuwa wengi kuliko boti zote za doria.