Protini Mshenga, Si Protini Rekebishi
Muswada wangu wa baiolojia ya seli umerudi na wino mwekundu mahali kumi na nne. Kila nilipoandika "protini mshenga", mhariri amekata na kuweka "protini rekebishi", na pembeni mwa ukurasa wa kwanza ameandika: lugha ya harusini. Naambiwa kamati ya istilahi ndiyo iliyolipitisha neno hilo. Sijui kama wajumbe wake walijiuliza kinachorekebishwa ni nini.

Maana kurekebisha ni kuondoa kasoro. Fundi hurekebisha saa, mwalimu hurekebisha insha. Grb2, mojawapo ya protini hizo, iliyotambuliwa mwaka 1992, ni protini ya asidi amino 217 isiyo na kazi yoyote ya kimeng'enya: haikati, haipachiki fosfeti, haitengenezi kitu. Ina vishikio tu, SH2 kimoja katikati na SH3 viwili, kimoja kila upande. Kwa SH2 inashika tairosini yenye fosfeti kwenye mkia wa kipokezi. Kwa SH3 inashika protini nyingine, Sos, penye prolini nyingi. Kichocheo cha ukuaji kikitua nje ya seli, Grb2 huileta Sos hadi utandoni iliko protini Ras, Sos huilegeza GDP itoke kwenye Ras ili GTP iingie, na habari ya kukua inashuka ndani.

Sasa nimkumbuke marehemu mjomba wangu wa Pangani, aliyekuwa mshenga wa nusu ya mtaa wetu. Alikuwa akiingia ukumbini na barua ya posa imefungwa kwenye leso pamoja na fedha, anakaa mkekani, anataja ametumwa na nani, anapokea jibu, anarudi. Hakuoa yeye wala hakuozwa. Wala hakuwahi kupiga hodi kabla hajatumwa, kama SH2 isivyoshika tairosini tupu. Ndipo nilipolipata neno. Sikulitoa harusini kwa mzaha. Ushenga ni kazi yenye masharti, na masharti yake ndiyo haya ya Grb2.

Wapo wanaoshikilia "protini adapta". Neno hilo linatoka kwenye Kilatini, aptus, yaani kinachokaa sawasawa mahali pake, likatanguliwa na ad. Asili njema, lakini adapta kwetu imeshakuwa kile kijisanduku cha waya wa laptop, nacho kinabadili umeme. Grb2 haibadili inachokileta. Wengine wananikumbusha kwamba rekebisha inatokana na Kiarabu, r-k-b, ambako rakkaba ni kupachika kitu juu ya kingine. Ni kweli, na mzizi huo ungetufaa sana kama maana yake ingebaki hivyo. Haikubaki. Mwanafunzi wa Morogoro hasomi mzizi, anasoma neno. "Patanishi" nayo inadai ugomvi: pata, patana, patanisha, na Sos haijawahi kukosana na kipokezi. Dalali anachukua chake. Mjumbe ameshapewa kazi nyingine katika baiolojia ya seli, ile ya "mjumbe wa pili". Kiunganishi ni cha walimu wa sarufi, na kiungo kimejaa tele, mwilini na kwenye pilau.

Nimeambiwa pia kwamba mshenga ni mtu, hawezi kufuata protini kisarufi. Mbona tunasema nchi mwanachama, na zikiwa nyingi nchi wanachama, hakuna anayekunja uso? Basi protini mshenga moja, protini washenga mbili, kama Grb2 na Shc.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Katika saratani ya damu ya mieloidi sugu, protini BCR-ABL huwa na fosfeti kwenye tairosini ya 177, na Grb2 huishika hapo hapo kama inavyoshika kipokezi halali. Habari ya kukua inapelekwa ilhali hakuna kichocheo kilichobisha nje. Mwanafunzi aliyefundishwa "rekebishi" atadhani protini hii imekuja kuitibu seli. Aliyefundishwa "mshenga" ataelewa mara moja, kwa kuwa mshenga hupeleka posa ya aliyemtuma, awe mwema au mwovu.

Muswada nimeurudisha jana. Mahali pote kumi na nne nimeandika tena mshenga, kwa kalamu ya bluu.