Kitanda cha garini kifungwe imara

MSAFIRI apitaye Kikatiti, wilayani Arumeru, katika barabara kuu ya Arusha–Moshi akielekea mbugani, aweza kulala ndani ya gari lake iwapo seremala atamtengenezea kitanda cha kuondolewa.

Fremu ya mbao nyepesi hufunikwa kwa plaiwudi ya milimita 18, iliyokatwa vipande vitatu ili mtu mmoja avimudu. Chini yake huwekwa droo za vyombo na chakula.

Fremu hiyo hufungwa kwa bolti kwenye matundu ya viti vya nyuma vilivyotolewa. Isipofungwa, breki ya ghafla huweza kuirusha mbele na kumjeruhi dereva. Sakafu isitobolewe kabla ya kukagua lilipo tangi la mafuta.

Usiku injini izimwe: moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua.