Kipimo cha programu kinapobadili kikomo cha kumbukumbu

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

KABLA programu ya kompyuta haijafikishwa kwa watumiaji, wataalamu huipima kwa chombo maalumu, ambacho nacho ni programu. Hata hivyo, chombo hicho huweza kutoa jibu lisilo la kweli iwapo kitaweka kando kiwango cha kumbukumbu alichopanga mtaalamu na kutumia cha kwake.

Kumbukumbu inayozungumzwa hapa ni ile ya muda, ambamo programu huweka data wakati ikifanya kazi, na si diski ya kuhifadhia mafaili. Programu huwekewa kikomo cha kumbukumbu ili isiimalize yote na kuzikwamisha nyingine. Ikikivuka, husimama.

Mfano unaofahamika ni wa Gradle, chombo kinachotumika kuunda na kupima programu za simu za Android na nyingine za lugha ya Java. Awali, vipimo vyake vilifuata kawaida ya Java, yaani robo ya kumbukumbu yote ya mashine. Kompyuta yenye gigabaiti 8 ilitoa gigabaiti 2.

Toleo la 5.0, lililotolewa Novemba 2018, lilishusha kikomo hicho hadi megabaiti 512, bila kujali ukubwa wa mashine. Lengo lilikuwa kuzuia kazi zinazokwenda kwa pamoja zisiielemee kompyuta.

Utata hutokea pale mtaalamu anapoongeza kumbukumbu katika mpangilio mkuu wa Gradle. Mpangilio huo huihusu kazi kuu tu. Vipimo huendeshwa kando, na hubaki na megabaiti 512 hadi vipangiwe kiwango chao katika sehemu ya vipimo. Programu nzima huweza kuonekana mbovu kumbe ni kikomo kimebana.

Kinyume chake ni hatari zaidi. Katika lugha ya PHP, kikomo cha kawaida ni megabaiti 128. Chombo cha PHPUnit huruhusu mstari mmoja wa mpangilio kukiondoa kabisa wakati wa kupima. Programu hufaulu, kisha hukwama kwenye seva yenye kikomo.

Kwa wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria, jambo hili si la wataalamu pekee. Takwimu za zahanati na vituo vya afya, vikiwamo vya kisiwa cha Ukerewe, hukusanywa kupitia MTUHA na kuingizwa katika DHIS2, mfumo uliobuniwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na kusambazwa Tanzania nzima mwaka 2013. Seva yake imeandikwa kwa Java, na mfumo una programu ya simu za Android.

Programu ya aina hiyo ikifaulu kipimo chenye kumbukumbu nyingi kuliko simu ya mhudumu, kasoro itajitokeza kisiwani, wakati wa kutuma taarifa za chanjo, na fundi yuko ng'ambo ya maji.

Kinga yake ni nyepesi. Kipimo kiagizwe kuandika kikomo halisi kinachotumika kila kinapoanza, na kikomo hicho kilinganishwe na cha seva au simu itakayobeba programu. Vikitofautiana, jibu la kipimo lisitegemewe, hata likiwa la kufaulu.