Nani mwenye hadithi? Mvutano nyuma ya sehemu moja ya Star Trek

Mwaka 1966 kituo cha televisheni cha NBC nchini Marekani kilianza kuonyesha Star Trek, tamthilia ya kubuni kuhusu watu wanaosafiri kati ya nyota miaka mingi ijayo. Msemaji wa Kiswahili akiitazama anashtuka mapema: afisa wa mawasiliano wa chombo chao, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, anaitwa Uhura. Jina hilo limetokana na neno letu uhuru.

Leo tunaeleza habari za sehemu moja tu ya tamthilia hiyo, iliyorushwa tarehe 6 Aprili 1967. Inaitwa The City on the Edge of Forever, yaani mji ulio ukingoni mwa milele. Wapenzi wengi wa Star Trek wanasema ndiyo bora kuliko zote. Mwandishi wake, Harlan Ellison, aliomba jina lake liondolewe.

Mkasa wenyewe

Daktari wa chombo, McCoy, anajichoma kwa bahati mbaya dawa kali iliyokuwa ya mgonjwa. Anarukwa na akili, anatoroka hadi kwenye sayari moja, na huko anapita katika lango linaloweza kumrudisha mtu zamani. Ghafla chombo chao kinatoweka angani. Kuna kitu McCoy amekibadilisha huko nyuma, na dunia waliyoijua haipo tena.

Nahodha Kirk na msaidizi wake Spock wanamfuata. Wanajikuta New York mwaka 1930, wakati uchumi umeanguka na watu wanapanga foleni kupata supu. Anayegawa supu hiyo ni mwanamke aitwaye Edith Keeler, aliyeigizwa na Mwingereza Joan Collins. Kirk anampenda. Kisha Spock anagundua kilichobadilika: Edith alitakiwa kufa katika ajali ya barabarani. Akiokolewa, ataongoza harakati za amani zitakazoichelewesha Marekani kuingia katika Vita Kuu ya Pili, na Ujerumani ya Hitler itawahi kupata bomu la atomiki.

Basi Kirk ana mambo mawili mbele yake: kumwokoa mwanamke anayempenda, au kumwacha afe ili mamilioni ya watu waishi.

Skripti ya kwanza

Ellison alikuwa tayari mwandishi mwenye jina. Skripti aliyoileta haikuwa na daktari aliyejidunga dawa. Ilikuwa na afisa wa chombo, Beckwith, anayewauzia wenzake vito vya kulevya na kumuua mwenzake aliyetaka kumfichua. Ilikuwa na maharamia wanaokishika chombo baada ya historia kubadilika. Ilikuwa pia na askari mzee aliyepoteza miguu katika Vita Kuu ya Kwanza, akiomba riziki barabarani.

Gene Roddenberry, mwanzilishi wa tamthilia, alikuwa na malalamiko mawili. La kwanza ni fedha. Sehemu moja ya Star Trek ilipangiwa kupigwa picha kwa siku kama sita, na kila mandhari mpya, kila mavazi mapya na kila mwigizaji wa ziada anahitaji malipo. La pili lilihusu tabia. Roddenberry alitaka watu wa kesho wawe wamepiga hatua, wasiuziane ulevi ndani ya chombo. Ellison aliona kwamba binadamu ni binadamu, hata akifika kwenye nyota.

Kwa maoni yetu, katika suala la fedha studio ilikuwa na haki. Hilo la tabia ni gumu zaidi, maana askari yule asiye na miguu angeweza kuwa mmoja wa watu wa kukumbukwa kabisa katika tamthilia nzima, na hakubaki.

Ellison aliandika upya, lakini haikutosha. Skripti ikapita mikononi mwa Steven Carabatsos, Gene Coon, Dorothy Fontana na Roddenberry mwenyewe. Fontana alikuwa ameanza kama karani wa Roddenberry, na aliandika kwa herufi D.C. ili watu wasijue haraka kwamba ni mwanamke. Yeye ndiye aliyeleta wazo la ile dawa. Alikaa kimya kwa miaka mingi kabla ya kukiri hadharani, kwa kuwa Ellison alikuwa rafiki yake.

Badiliko kubwa zaidi liko mwishoni. Katika skripti ya Ellison, Kirk anashindwa. Mapenzi yanamzidi nguvu, na Spock ndiye anayemzuia Beckwith asimwokoe Edith. Katika ile iliyorushwa, Kirk mwenyewe ndiye anayemkamata McCoy na kumzuia.

Kazi ya mwongozaji

Mwongozaji alikuwa Joseph Pevney, aliyewahi kuwa mwigizaji kabla ya kuongoza filamu. Aliongoza sehemu 14 za Star Trek. Mwongozaji wa televisheni wa wakati ule hakuwa na nafasi ya kujadiliana sana juu ya skripti. Aliipokea, akahesabu siku, akaamua kamera ikae wapi. Mitaa ya New York haikuwa New York: ilipigwa picha katika uwanja wa studio huko California, penye maduka na nyumba za kuigiza ambazo tamthilia nyingine zilizitumia pia. Hata hivyo, kazi ilizidi siku zilizopangwa.

Tazama alivyoshughulikia kifo cha Edith. Anavuka barabara, lori linakuja, McCoy anataka kuruka, Kirk anamshika. Kamera haituonyeshi lori likimgonga. Tunamwona Kirk amemkumbatia McCoy kwa nguvu, na tunasikia breki na mayowe. McCoy anamuuliza kama anajua alichokifanya. Kirk hawezi kujibu, na Spock anajibu kwa niaba yake. Sisi watu wa redio hatuna budi kuipenda sehemu hiyo, maana sauti ndiyo iliyobeba msiba wote.

Kuna jambo la wakati pia. Siku mbili kabla ya kurushwa kwake, tarehe 4 Aprili 1967, Martin Luther King alihutubia katika kanisa moja mjini New York akipinga vita vya Vietnam. Hadithi ya mpigania amani anayetakiwa kufa ili vita vishindwe kwa njia sahihi ilisikika kwa uzito wa pekee mwezi ule.

Jina na malipo

Ellison aliomba iandikwe kwamba mtunzi ni Cordwainer Bird, jina alilolitumia pale alipotaka kuonyesha kuwa kazi yake imeharibiwa. Roddenberry alikataa, na jina la Ellison likabaki peke yake, ingawa watu wanne wengine walikuwa wameigusa skripti.

Kisha zikaja tuzo. Chama cha waandishi wa Marekani kilimtuza Ellison kwa skripti yake ya awali, ile ambayo haikupigwa picha. Mwaka 1968 tuzo ya Hugo ilikwenda kwa ile iliyorushwa. Kila upande ukapata cha kujivunia, na ugomvi ukaendelea. Kwa miaka mingi Roddenberry aliwaambia watu kwamba Ellison alimfanya fundi mkuu wa chombo, Scotty, kuwa muuza dawa za kulevya. Hakuna kitu kama hicho katika skripti, na Ellison aliichapisha kitabuni ili kila mtu ajisomee.

Mwaka 2009, zaidi ya miaka 40 baadaye, aliishtaki studio akidai malipo ya bidhaa na vitabu vilivyotokana na hadithi yake. Kesi ilimalizika kwa makubaliano mwaka huohuo. Ellison alifariki mwaka 2018.