Utata wa neno "table"
Neno la Kiingereza "table" humaanisha meza, jedwali la takwimu au msimamo wa ligi. Hayo hayawasumbui wafasiri.

Utata umo katika kitenzi. Nchini Uingereza, na katika Bunge la Kenya lililorithi taratibu zake, "to table" ni kuwasilisha hoja. Marekani ni kuiweka kando, mara nyingi isijadiliwe tena. Winston Churchill alisimulia jinsi maafisa wa kijeshi wa Uingereza na Marekani walivyozozana kwa muda mrefu kuhusu waraka mmoja wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kumbe walitaka jambo lile lile. Hivyo, mwandishi anayefasiri habari za Bunge la Marekani akiandika "imewasilishwa", huenda amefufua hoja iliyokwisha kuzikwa.