Kioo cha Dirisha na Uchaguzi Wake

Katika vifaa vyote vya nyumba, hapana kinachosahauliwa upesi kama kioo cha dirisha. Ukuta huegemewa, mlango hubishwa hodi, na paa hukumbukwa kila inyeshapo mvua. Lakini kazi ya kioo ni kutoonekana, na kadiri kinavyoitimiza kazi hiyo ndivyo mwenye nyumba azidivyo kukisahau. Siku ya kukikumbuka ni siku kinapovunjika. Hapo fundi huitwa, kipimo huchukuliwa, na swali moja huulizwa: ni bei gani? Swali hilo ni la haki, lakini si la kwanza. Insha hii yakusudia kuonyesha kwamba historia ya kioo cha dirisha ni historia ya uchaguzi: watu walichagua kwanza kwa ajili ya nuru, kisha kwa ajili ya fahari, kisha kwa ajili ya urahisi wa bei, na mwisho kabisa, baada ya damu kumwagika, kwa ajili ya usalama. Abadilishaye kioo leo yu katika mfuatano huo, ajue asijue.

Lugha yetu yatoa ushahidi wa kwanza. Dirisha ni neno lililotufikia kutoka Kiajemi, na bilauri limetoka katika Kiarabu. Kioo nacho tumekipa kazi mbili, kuwa kitu cha kutazamia nje na kuwa kitu cha kujitazamia wenyewe. Maneno haya hayakufika pamoja na dirisha la kioo. Pwani ilikuwa na madirisha kwa karne nyingi bila ya kutia kioo ndani yake. Katika magofu ya Kilwa na Gedi umepatikana ushanga wa kioo ulioletwa kwa biashara ya bahari. Kwa hiyo watu wa miji ile walikijua kioo vizuri, wakakivaa shingoni, lakini hawakukiweka ukutani. Nyumba zao za mawe ya matumbawe na chokaa zilipata nuru kutoka ua wa ndani, na nafasi zilizofunguka nje zilizibwa kwa mbao. Lilikuwa jawabu la hali ya nchi, wala si dalili ya ujinga. Mahali ambapo joto ni adui na upepo ni rafiki, kizuizi kinachopitisha nuru na kuzuia upepo hufanya kinyume cha haja ya mwenye nyumba.

Kaskazini mwa dunia mambo yalikuwa kinyume. Huko upepo ndio adui, na nuru ni chache. Warumi wa karne ya 1 walikuwa tayari wakitia vioo katika madirisha ya nyumba za kuogea, na vipande vyake vimeonekana Pompeii, mji uliozikwa na majivu ya volkano mwaka 79. Vioo vile vilikuwa vinene na vyenye ukungu. Vilipitisha mwanga lakini havikumwonyesha mtu sura ya aliye nje. Tangu hapo hadi karne yetu, mafundi walishindania jambo moja: kupata kioo kipana, chembamba, kilicho sawa na kisicho na doa.

Njia mbili za zamani zastahili kutajwa. Katika njia ya kwanza, fundi alipuliza tone la kioo kilichoyeyuka likawa tufe, akalifungua upande mmoja, kisha akalizungusha kwa kasi mpaka likatanuka na kuwa sahani kubwa. Vipande vya pembeni vilikuwa vyembamba na vya kung'aa; katikati pakabaki nundu mahali fimbo iliposhika. Katika njia ya pili, alipuliza mwanzi mrefu, akaupasua kwa urefu, na kuulaza tanurini ukafunguka kama ngozi inyooshwavyo. Njia ya kwanza ilitoa mng'ao, ya pili ilitoa upana.

Kilichoamua ipi itumike hakikuwa ustadi peke yake, bali kodi pia. Nchini Uingereza kodi ya madirisha ilianzishwa mwaka 1696, na nyumba yenye madirisha mengi ilitozwa zaidi. Watu waliziba madirisha yao kwa matofali ili wapunguziwe mzigo, na mpaka leo nyumba kadha wa kadha za nchi ile zina madirisha yaliyo vipofu. Katika miaka ya 1740 ikaongezwa kodi nyingine juu ya kioo chenyewe, iliyohesabiwa kwa uzito. Kwa sababu hiyo kioo chembamba cha sahani kikapendelewa kuliko kinene. Matajiri walinunua nuru, na maskini wakakaa gizani. Kodi ya kioo ilifutwa mwaka 1845, na ile ya madirisha mwaka 1851. Katika mwaka huo huo wa 1851 lilifunguliwa mjini London jumba la maonyesho lililojengwa kwa chuma na kioo, likiwa na vioo karibu 300,000 vilivyotengenezwa na kiwanda cha Chance Brothers kwa njia ya mwanzi. Kilichokuwa fahari ya wachache kikaanza kuwa bidhaa ya wengi.

Hatua kubwa iliyofuata ilitangazwa mwaka 1959. Alastair Pilkington na wenzake, baada ya majaribio ya miaka saba yaliyogharimu fedha nyingi, walifaulu kumimina kioo kilichoyeyuka juu ya bati lililoyeyuka. Kioo ni chepesi kuliko bati, kwa hiyo huelea. Na kwa kuwa uso wa kimiminika ni sawa, kioo nacho huwa sawa pande zote mbili bila ya kusuguliwa. Karibu kila kioo cha dirisha kinunuliwacho dukani siku hizi kimezaliwa kwa njia hiyo. Bei ilishuka, upana ukaongezeka, na mwenye nyumba akazoea kudhani kwamba kioo ni kitu kimoja tu, kitofautianacho kwa unene na rangi.

Hapa Afrika ya Mashariki yatufaa kukumbuka kwamba hatukuwa watazamaji tu katika kazi hii. Kioo cha kawaida ni mchanga, chokaa na magadi. Mchanga peke yake hauyeyuki mpaka joto lifikie kama digrii 1,700. Magadi huushusha kiwango hicho, na bila ya magadi kioo kingekuwa ghali mno. Ziwa Magadi la Kenya limetoa madini hayo kwa biashara tangu miaka ya 1910, yakasafirishwa kwa reli na kwa meli hadi viwanda vya ng'ambo. Basi kwa muda mrefu nchi zetu ziliuza magadi, zikanunua kioo. Hali hiyo imeanza kubadilika: mwaka 2023 kiwanda cha vioo bapa kilizinduliwa Mkuranga, katika mkoa wa Pwani, Tanzania. Pamoja na kiwanda huja daraka, maana anayetengeneza kioo hawezi tena kusema kwamba amepokea tu kilicholetwa na meli.

Kioo cha dirisha kilipoingia pwani yetu, kiliingia kwanza kama pambo. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja walijenga nyumba zenye roshani za nakshi na vioo vya rangi. Mfano wake mashuhuri ni jengo la Tharia Topan mbele ya bandari, lililojengwa kati ya 1887 na 1894, likawa zahanati baadaye, na likakarabatiwa katika miaka ya 1990. Angalia hekima ya wajenzi wale: waliweka kioo cha rangi kupendeza nuru, lakini hawakukipa kioo kazi ya kuzuia upepo, upepo waliuachia mbao zenye mianya. Baadaye zikaja nyumba za wakati wa ukoloni na madirisha ya vioo vya vipande vilalavyo, ambayo wengi huyaita luva. Hayo yalikuwa mapatano mazuri, kwani kioo kikainama kuupisha upepo, na kipande kimoja kikivunjika hubadilishwa chenyewe bila ya kugusa vingine.

Baada ya uhuru miji yetu ilipanda juu. Nairobi na Dar es Salaam zikajengwa majumba ya ghorofa yenye kuta za vioo vipana, kwa mfano wa miji ya nchi za baridi. Vioo hivyo vilikuwa vya kawaida kwa sehemu kubwa. Hapana aliyeuliza vitavunjikaje, kwa sababu hapana aliyefikiri vitavunjwa.

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, swali hilo lilijibiwa kabla ya kuulizwa. Magari yaliyojaa baruti yalilipuliwa karibu na balozi za Marekani katika miji yote miwili. Dar es Salaam walikufa watu 11. Nairobi walikufa 213, na waliojeruhiwa walipita 4,000. Katika Nairobi kulisikika kwanza milio ya risasi na mshindo mdogo wa bomu la mkono. Watu waliokuwa kazini katika majumba ya jirani walifanya ambalo kila mwanadamu angalifanya: walisogea madirishani kutazama. Ndipo mlipuko mkubwa ukaja. Vioo vikageuka visu, vikaingia nyusoni na machoni. Wengi walipoteza jicho moja, na wengine yote mawili. Dirisha, ambalo ni jicho la nyumba, ndilo lililoyapofusha macho ya watu. Lawama ni ya wauaji, wala si ya kioo. Lakini haidhuru kusema kwamba kioo cha aina nyingine kingaliwaachia wengine macho yao.

Kwa maana maarifa yalikuwapo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1903 Mfaransa Édouard Bénédictus aliangusha chupa katika maabara yake, akastaajabu kuiona imepasuka bila ya kutawanyika, kwa sababu ndani yake palikuwa pamekauka utando wa dawa. Mwaka 1909 alipata hati ya uvumbuzi wa kioo cha tabaka: vioo viwili vilivyobanwa pamoja na utando katikati. Kikipigwa hupasuka, lakini vipande hubaki vimeshikamana. Katika Vita Kuu ya kwanza kilitumiwa katika vinyago vya kukinga sumu, kisha kikawa kioo cha mbele cha motokaa. Ndugu yake ni kioo kilichokazwa, ambacho hupashwa moto kupita digrii 600 kisha hupulizwa hewa baridi ghafula. Hicho kina nguvu mara nne au zaidi kuliko cha kawaida, na kikivunjika huwa punje ndogo zisizo makali marefu. Sifa hizo mbili si moja. Kilichokazwa hustahimili pigo, lakini kikishindwa huanguka chote na kuacha dirisha wazi. Cha tabaka huweza kupasuka mapema zaidi, lakini hukaa mahali pake.

Basi achaguaye kioo cha kurudishia ana mambo manne ya kujiuliza, na bei ni la tano.

La kwanza: ni nini kilichokivunja cha kwanza? Katika miji ya bahari fremu ya chuma hupata kutu, kutu huvimba, na uvimbe huo hukibana kioo mpaka kikapasuka pasipo kuguswa na jiwe wala mpira. Kutia kioo kipya katika fremu hiyo ni kuandaa mvunjiko wa pili. Fremu isuguliwe na kupakwa rangi kwanza, na kioo kikatwe pungufu ya nafasi kwa milimita chache ili kipate pumzi ya kutanuka kwa joto.

La pili: kikivunjika tena, kitamwangukia nani? Mlango wa kioo, dirisha lililo karibu na sakafu ambapo watoto hucheza, bafu, na ngazi havifai kioo cha kawaida. Hapo kilichokazwa au cha tabaka si anasa. Na kwa kuwa kioo kikishakazwa hakikatiki tena, kipimo lazima kiwe sahihi kabla ya kuagiza. Asiyeweza gharama yake aweza kubandika utando wa plastiki ulio angavu juu ya kioo alicho nacho. Haukizuii kuvunjika, bali hupunguza kutawanyika.

La tatu: jua lapiga upande gani? Kioo angavu hupitisha zaidi ya asilimia 80 ya joto la jua, na joto likishaingia ndani ni vigumu kulitoa. Wengi hukimbilia kioo cha rangi. Nacho husaidia, lakini chenyewe hupata moto na kuurudisha sehemu chumbani. Kivuli cha nje, kama baraza, upenuo, mbao zenye mianya au mti, hufanya zaidi kwa sababu hulikamata jua kabla halijafika. Vioo viwili vyenye hewa katikati vilibuniwa hasa kwa ajili ya kutunza joto la nyumba za baridi. Katika chumba kinachopozwa kwa mashine na kufungwa vina faida, lakini katika nyumba inayoishi kwa madirisha wazi ni gharama isiyo na kazi.

La nne: nyumba ni ya umri gani? Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Katika nyumba za miji hiyo, kuondoa mbao za dirisha na kutia kioo kipana chenye kuakisi ni kubadilisha uso wa mtu mzee kwa uso wa mgeni. Pia ni kuifungia nje ile pepo ambayo wajenzi waliialika ndani.

Yatokea katika maelezo haya kwamba kioo bora kisichohitaji kuulizwa mahali pake hakipo. Cha London hakiwi cha Lamu kwa kuwa kimesafiri, na cha sebule hakiwi cha ngazi kwa kuwa ni cha duka moja. Wazee wetu wa pwani walikijua kioo wakakataa kukitia madirishani, na kukataa kwao kulikuwa elimu. Sisi tumekikubali, na hatuna sababu ya kujuta, ila kukubali nako kwataka elimu yake. Watu wa Nairobi waliifundisha kwa macho yao, kwa ada ambayo hapana mwanafunzi angepaswa kulipiwa na mwingine. Lililobaki kwetu ni dogo: fundi aulizapo unataka kioo gani, tusimjibu kwa bei kabla ya kumweleza nani atakaa karibu nacho.